Goli la kuchelewa: kisa cha CazéTV na watu milioni 6 waliokubali kupata habari mwisho

Ijumaa ya tarehe 9 Desemba 2022, saa 6 mchana kwa saa za Brasília, huku kwetu saa 12 jioni, Brazil wako Education City pale Qatar wanacheza robo fainali na Croatia. Dakika 90 zinaisha bila bila, zinaongezwa 30. Dakika ya 105 na ushee Neymar anagongeana na Rodrygo, anagongeana na Paquetá, anamzunguka kipa Livaković, kamba. Sasa mchukue mtu aliyekaa ghorofani Rio au São Paulo, simu mkononi, anaangalia kupitia YouTube. Yeye goli hajaliona. Anachosikia ni mtaa mzima umelipuka, fataki, vuvuzela, jirani wa juu anaruka mpaka dari linatikisika, na kwenye kioo chake Neymar ndo kwanza anauomba mpira katikati ya uwanja. Anangoja. Sekunde kadhaa, wengine nusu dakika nzima, ndo na yeye anapewa goli lake likiwa limeshapoa. Dakika ya 117 ikawa hivyohivyo ila upande wa pili: mtaa umekufa ghafla, kimya, na yeye anajua kuna balaa linakuja ila hajui limevaa nguo gani, mpaka Petković anapiga, mpira unamgonga Marquinhos unabadili njia, moja moja.

Watu wa namna hiyo siku ile walifika zaidi ya milioni 6 kwa wakati mmoja, kwenye chaneli moja ya YouTube inayoitwa CazéTV, ya jamaa anaitwa Cazé, ambayo haikuwa na hata mwezi na nusu tangu izaliwe. Ilikuwa rekodi ya YouTube dunia nzima kwa kitu kinachorushwa laivu, na ilidumu mpaka Agosti 2023 Wahindi walipotua mwezini na Chandrayaan-3, hapo ndo ikavunjwa na watu zaidi ya milioni 8.

Kila anayeandika kuhusu mashabiki kuangalia mpira pamoja mtandaoni lazima aitaje hii namba, halafu anaendelea na mambo mengine. Mimi namba yenyewe hainisumbui sana, kinachonisumbua ni lile goli la kuchelewa. Kwa nini mtu ukubali? Maana ukikaa ukaichambua hii kesi vizuri unakuta majibu yote ya haraka yanaanguka moja baada ya jingine.

Jibu la kwanza ambalo kila mtu analirukia ni bure. Huku kwetu lingekuwa na maana, sisi mpira mkubwa tunaulipia king'amuzi, na asiye na king'amuzi analipa kiingilio kibanda umiza akae kwenye benchi na watu kumi. Ila Brazil mechi za timu ya taifa kwenye Kombe la Dunia zilikuwa zinaonyeshwa na TV Globo, na Globo inashikwa kwa antena ya kawaida kabisa, hulipi senti. Hata ukitaka kwenye simu, programu yao ya Globoplay inakuonyesha Globo laivu ukijisajili tu. Kwa hiyo bure ilikuwepo pande zote mbili, na bure ya antena ilikuwa nzuri zaidi maana haili bando na goli linafika kwa wakati.

Jibu la pili, picha. Hakuna. Picha za Kombe la Dunia zinatengenezwa sehemu moja na watu wa FIFA, kamera ni zilezile, marudio ni yaleyale, Globo anapewa, Cazé anapewa, na wewe kwenye kibanda chako Tandika unapewa hiyohiyo. Tofauti ni nani anaongea juu yake.

Jibu la tatu ndo lina nusu ya ukweli: kazini. Mechi za Qatar zilikuwa zinapigwa mchana kwa saa za Brazil, kuna za saa 1 asubuhi, kuna za saa 4, watu wako ofisini na dirisha dogo la YouTube kwenye kompyuta. Kwa mechi za nchi nyingine sawa, nakubali. Ila timu ya taifa ikicheza nchi ile inafunga, maduka yanafunga, ofisi zinaruhusu watu, kila mtu yuko mbele ya TV. Na namba kubwa kuliko zote za Cazé zilikuja kwenye mechi za Brazil, siyo za nchi nyingine. Yaani watu walikuwa nyumbani, TV ipo ukutani, Globo inashika, wakafungua YouTube, wengine wakairusha kwenye TV hiyohiyo.

Sasa tumjue huyo jamaa.

Casimiro Miguel, Cazé, mzaliwa wa Rio mwaka 1993, shabiki wa Vasco da Gama. Hapo kwenye Vasco tusimame kidogo. Vasco ni timu kubwa ya zamani yenye mashabiki wengi sana na maumivu mengi sana, mwaka huo wa 2022 ilikuwa inacheza daraja la pili. Mtu anayeshangilia timu ya daraja la pili hawezi kukujia na mdomo wa mabingwa, atakuja na utani, na utani wa kwanza anajitania mwenyewe. Ukimjua mtu yeyote aliyewahi kuvumilia timu kubwa iliyochoka unajua nazungumzia nini, hao ndo huwa wachekeshaji wazuri kijiweni.

Huyu hakutokea mtaani tu akawasha kamera. Alikuwa mtu wa media, alifanya kazi Esporte Interativo, chaneli ya michezo ya kule Brazil iliyokuwa na sifa ya kutangaza mpira kwa mihemko, baadaye ikamezwa na kampuni ya Kimarekani. Akiwa huko akaanza kustrimu Twitch, mtandao wa watu kujirusha laivu, na kipindi cha korona ndo ikakolea. Na hakuwa anastrimu mpira! Hii watu wengi wanaikosa. Alikuwa anawasha usiku sana, watu wanataka kulala, anafungua vidio za watu wengine, mtu anaonyesha jumba la kifahari, mtu anapika, mtu anasimulia upuuzi fulani, yeye anaangalia anacheka anakomenti, na maelfu ya watu wamekaa nae wanaangalia yeye anavyoangalia. Ukimwelezea mzee wako nyumbani kwamba hii ni kazi atakuuliza kama umekunywa. Ila ndo ilivyokuwa, usiku baada ya usiku, na asubuhi vipande vifupi vya usiku ule vimeshakatwa viko YouTube na kwenye magrupu ya WhatsApp, kwa hiyo hata asiyekesha anajua utani wa jana.

Januari 2022 Netflix wakamruhusu aonyeshe kwenye chaneli yake sehemu ya kwanza ya dokumentari yao ya Neymar. Wakakaa zaidi ya watu laki tano kwa mpigo kuangalia nae, rekodi ya Twitch kwa Brazil wakati huo. Huo ndo ulikuwa ushahidi kwa wenye hela kwamba watu hawa hawafuati kitu kinachoonyeshwa, wanafuata kuonyeshwa na huyu.

Ila kupendwa peke yake hakukupi Kombe la Dunia, na hapa ndo kisa kina nyama, maana stori inayosimuliwa mitandaoni ni ya shabiki mmoja na kamera yake aliyeipiga televisheni, na hiyo stori ni tamu lakini ina mashimo.

Rudi nyuma mpaka Juni 2020. Viwanja havina watu, korona, na rais wa wakati huo Bolsonaro anatoa amri ya muda kwamba haki ya kuonyesha mechi ni ya timu mwenyeji peke yake. Zamani ilikuwa lazima timu zote mbili ziwe zimekubali. Flamengo hawakuwa wamesaini na Globo kwa ligi ya jimbo la Rio mwaka ule, wakaona mwanya, Julai 1 wakaionyesha mechi yao na Boavista kwenye YouTube yao wenyewe, na watu zaidi ya milioni 2 wakaingia kwa wakati mmoja. Wiki moja baadae Fluminense nao wakafanya hivyo kwenye fainali ya Taça Rio dhidi ya haohao Flamengo, wakapita milioni 3 na nusu, na kombe wakachukua kwa penalti. Amri ile ikafa bila kupigiwa kura bungeni, ila Septemba 2021 ikarudi kama sheria kamili, Wabrazil wanaiita sheria ya mwenyeji.

Mechi zile za 2020 zilifundisha mambo mawili. La kwanza la kiufundi, kwamba YouTube inaweza kubeba mamilioni ya Wabrazil kwa mpigo bila kulala. La pili ni la masikio: mtangazaji wa chaneli ya Flamengo ni Flamengo, hajifichi, timu yake ikifunga anapagawa, ikifungwa unamsikia anavyomeza mate. Watu wakagundua kumbe utangazaji wa upande mmoja hauudhi ukishajua mapema ni wa upande gani, kinachoudhi ni ule wa mtu anayejifanya hana timu.

Halafu kuna Globo wenyewe. Wakati wa korona walikwama na mkataba wao wa FIFA, dola imepanda, matangazo yameshuka, wakafikia mpaka mahakamani kuhusu malipo ya mwaka 2020. Walipokuja kuelewana upya, upekee wao wa upande wa intaneti ukaachiwa. Na aliyekuwa anaishughulikia biashara hiyo ya haki za kidijitali Brazil ni kampuni inaitwa LiveMode, na waanzilishi wa LiveMode ni haohao walioianzisha Esporte Interativo, ile chaneli aliyotokea Cazé. Umeona mduara? Watu waliokaa miaka kwenye biashara ya mpira wa televisheni, wanajua mkataba unasomwaje, wakamchukua kijana wao wa zamani mwenye watu, wakafungua CazéTV pamoja Novemba 2022, wakachukua mechi 22 kati ya 64: ya ufunguzi, za Brazil zote, nusu fainali, fainali, na nyingine za kuchagua. Wadhamini wakajaa, mtazamaji halipi kitu.

Kwa hiyo ukiniuliza kama hii ni kesi ya mashabiki kuongoza, nitakwambia mbele ya kamera ndiyo, nyuma ya kamera hapana. Nyuma ya kamera kulikuwa na wazee wa kazi. Sisemi hivi kumshusha jamaa. Nasema kwa sababu najua kuna vijana wengi wanaiangalia hii kesi wanadhani kinachokosekana kwao ni maiki nzuri.

Turudi kwenye goli la kuchelewa sasa, maana tukishajua mtu ni nani na alifikaje, swali linabaki palepale.

Kwanza kwa nini linachelewa. Antena inapokea mawimbi yanakuja moja kwa moja, karibu papo hapo. Intaneti haiendi hivyo: vidio inakatwa vipande vya sekunde chache chache, inabanwa, inapelekwa kwenye seva, inasambazwa, na simu yako kabla haijakuonyesha inajiwekea akiba ya vipande kadhaa ili isikwame. Kila hatua inakula sekunde. Ukiwa na mtandao mbovu akiba inaongezeka, unazidi kuachwa. Ndo maana kwenye jengo moja la ghorofa goli linaweza kusikika mara tatu nne, wa antena, wa dishi, wa kebo, halafu wa YouTube wa mwisho kama mtu anayecheka utani baada ya wenzake kumaliza.

Mwaka ule Wabrazil waliligeuza hili kuwa utani wao wenyewe. Na nadhani hapa ndo pa kuanzia kuelewa. Kama unachotaka ni habari ya goli, kuchelewa ni msiba. Kama unachotaka ni kuwa na watu wako goli linapoingia, basi kuchelewa hakukuumizi sana, kwa sababu watu wako nao wamechelewa na wewe. Nyie wote mko sekunde 30 nyuma ya dunia, pamoja, mnajua mko nyuma, na mnalicheka. Jirani anapiga kelele, yeye ana goli lake, sisi letu linakuja.

Nimewahi kuliona hili kwa macho, siyo Brazil, kwenye kibanda cha mtaani kwetu miaka ya nyuma. Kulikuwa na vibanda viwili vinatazamana, kimoja king'amuzi chake kinawahi, kingine kinachelewa kama sekunde tano hivi. Kile kinachochelewa ndo kilikuwa kinajaa. Mwenye kibanda alikuwa na mdomo, anatangaza juu ya mtangazaji, anazima sauti ya TV anajaza yake, anawaita wachezaji majina ya watu wa mtaani, beki mzito anamwita jina la fundi baiskeli wa pale kona. Watu walikuwa wanasikia goli kutoka ng'ambo ya barabara, wanaangaliana, mmoja anasema "haya jiandaeni linakuja", na likija wanashangilia kama hawakujua. Nilikuwa siwaelewi. Nikienda kile kingine kinachowahi naona mpira vizuri halafu narudi nyumbani sina cha kusimulia.

CazéTV ni kile kibanda chenye mdomo kikiwa na bajeti.

Lugha ndo ilikuwa kila kitu. Upande wa Globo alikuwepo Galvão Bueno, sauti ya timu ya taifa tangu miaka ya 80, Qatar ikiwa ndo Kombe lake la Dunia la mwisho na Globo. Galvão ni taasisi, ukimsikia unasimama wima. Anatangaza kwa ajili ya taifa zima, bibi na mjukuu, kwa hiyo kila neno limepigwa pasi. Kule kwa Cazé mtangazaji wa mechi alikuwepo anajua kazi yake, Luis Felipe Freitas, na mpira ulitangazwa kweli siyo mchezo, ila pembeni yake kuna meza ya watu wanaoongea kama wanavyoongea watu wanaoangalia mpira: wanakatishana, wanatoka nje ya mada, wanabishana kuhusu chakula wakati mpira umetoka nje, wanatukana kidogo, na Cazé katikati anafanya anachokijua yeye, yaani anaangalia, anastuka, anashika kichwa. Asiyemzoea atasema huyu anafanya nini pale. Aliyekesha nae miaka miwili anajua ile sura inamaanisha nini kabla hajafungua mdomo.

Ndo maana nasema zile usiku za kuangalia majumba ya watu hazikuwa porojo. Alikuwa anajenga hadhira inayojua kukaa pamoja. Unapowapa watu wa aina hiyo Kombe la Dunia, huanzi sifuri.

Na kulikuwa na mchezo wa pili ndani ya mchezo, ile namba ya walio ndani. Televisheni haikuonyeshi wenzako wangapi wanaangalia, utajua kesho kwenye magazeti. YouTube namba iko pale chini inapanda mbele ya macho yako. Mechi ya kwanza na Serbia, siku ya lile goli la Richarlison la kujipindua hewani, ilikuwa tayari ni mamilioni, ilipofika 16 bora na Korea Kusini, wamewapiga 4-1, wamepita milioni 5, na watu wanaiangalia namba kama wanavyoangalia matokeo. Mtu anamwambia ndugu yake fungua na wewe, tuongeze, tuvunje rekodi. Yaani mtazamaji amegeuka mchezaji. Unaweza kuwa huna cha kumsaidia Neymar, ila namba ile unaisogeza kwa kidole chako.

Sasa hapa nina ubishi wangu na wanaosema huu ulikuwa utazamaji wa kushirikishana kwa maana ya kuongea. Uliwahi kuiona chati, ile safu ya komenti pembeni ya vidio, ikiwa na watu milioni 6? Haisomeki. Ni mvua. Unaandika komenti yako, kabla hujaondoa kidole imeshazikwa. Mtangazaji hawezi kukusoma, mwenzako hawezi kukujibu. Kwenye strimu ya watu 300 chati ni mazungumzo, Cazé wa Twitch ya zamani angekusoma jina lako ukalala na furaha. Kwenye milioni 6 chati ni kelele za jukwaa, na kelele za jukwaa nazo zina kazi yake, hakuna anayeenda uwanjani ili sauti yake isikike peke yake. Ila ni kitu tofauti, na kukua huku kuna bei yake: kadiri kijiwe kilivyojaa ndivyo kilivyoacha kuwa kijiwe kikawa uwanja. Maongezi yenyewe yalihamia pembeni, kwenye magrupu ya familia na ya kazini, kila kundi linamwangalia Cazé yuleyule na kumjadili kwa siri yake.

Na tusidanganyane kuhusu ukubwa. Milioni 6 ni nyingi mno kwa YouTube, ila Brazil ina watu zaidi ya milioni 200, na siku ile Globo bado ndo ilikuwa na watu wengi kuliko yeyote. Cazé hakuipiga Globo kwa namba. Alichofanya ni kuonyesha kwamba kuna mamilioni ambao wakipewa uchaguzi, bei sawa, picha sawa, watachagua kuchelewa.

Mechi ikaisha vibaya. Penalti, Rodrygo wa kwanza kapiga Livaković kadaka, Marquinhos wa nne kagonga mwamba, 4-2, Brazil nje, goli la Neymar lililomfikisha 77 sawa na Pelé kwa hesabu za FIFA likageuka takwimu ya msibani, na kocha Tite akaondoka. Cha kuangalia kama mchambuzi ni kwamba chaneli iliyojengwa juu ya furaha ya timu ya taifa ilikuwa na kila sababu ya kufa jioni ile. Haikufa. Iliendelea na nusu fainali na fainali ya Argentina na Ufaransa, halafu 2023 ikachukua Kombe la Dunia la wanawake mechi zote 64, kitu ambacho miaka michache kabla ungekitafuta kwa tochi kwenye televisheni nyingi. 2024 ikaenda Olimpiki ya Paris. 2025 ikaonyesha Kombe la Dunia la vilabu na ikaingia kwenye ligi kuu ya Brazil yenyewe. Na kwa Kombe la Dunia la 2026 ikachukua haki za mechi zote 104.

Huko Ulaya nao walikuwa na njia zao. Ibai Llanos kule Uhispania alishaonyesha Copa América ya 2021 kwenye Twitch na mechi ya kwanza ya Messi akiwa PSG, Agosti mwaka huohuo, kampuni ya Piqué ikiwa ndo yenye haki. Uingereza ilichelewa zaidi, miaka mingi mashabiki kama Mark Goldbridge wa Manchester United walikuwa wanastrimu sura zao tu, mpira huuoni, unamwona yeye anavyouona, na watu wanakaa dakika 90 kuangalia mtu akikasirika. Msimu wa 2025/26 Bundesliga wakampa na yeye mechi 20 za Ijumaa zenye picha. Wote hawa wana kitu kimoja: kwanza watu, haki baadae. Televisheni ilifanya kinyume, inanunua haki halafu inatafuta watu.

Kinachonifurahisha zaidi ni walichofanya washindani. Machi 2023, miezi mitatu baada ya kuaga, Galvão Bueno, yule taasisi, akafungua chaneli yake YouTube na kutangaza mechi ya kirafiki ya Brazil na Morocco. Na Septemba 2025 Globo wenyewe wakafungua ge tv, kwenye YouTube, bure, na sura za watu waliokulia mtandaoni, meza ya watu wanaokatishana. Walikuwa na antena, walikuwa na picha inayowahi, wakaenda kuchelewa na wao.

Kuna jamaa aliniuliza mbona hii haitokei kwa Simba na Yanga, wakati midomo tunayo, tena mingi. Si kweli kwamba haitokei, siku ya dabi fungua YouTube utakuta vijana kibao wako laivu, wana ubao wa matokeo na sauti tu, wanatangaza mechi ambayo hawaruhusiwi kuionyesha, na watu wamejaa kwenye chati wanatukanana kwa upendo. Midomo ipo, kijiwe kipo. Mwanya ndo haupo. Haki za Ligi Kuu ya Tanzania zinauzwa kwa pamoja, siyo na timu mwenyeji, na ziko kwa Azam Media kwa mkataba wa miaka 10 uliosainiwa 2021, zaidi ya shilingi bilioni 225, hela ambayo vilabu vyenyewe vinaihitaji na hakuna klabu ndogo itakayoitukana. Cazé aliingia kupitia mkataba uliojadiliwa upya, baada ya sheria iliyobadilika kuonyesha njia, tena ameshikwa mkono na watu waliokuwa wanajua funguo ziko wapi. Kijana wetu mwenye maiki ana mpaka 2031 wa kukesha na watu wake akiangalia nao vidio za majumba.